Theluji Ikifunga Shule, Mpishi Naye Alipwe

Jumapili ya tarehe 5 Januari 2025, jioni, simu ya shule iliita nyumbani kwetu katika jimbo la Kentucky, Marekani. Sauti iliyorekodiwa ilisema kesho hakuna masomo. Watoto wakashangilia. Nje, magari yalikuwa yameshaanza kugeuka vichuguu vyeupe. Haikupita muda akapiga jirani yangu, mama wa Kikongo kutoka Uvira anayepika katika jiko la shule. Hakuniuliza habari za theluji. Aliuliza: "Mwalimu, kesho nayo hawatatulipa?"

Jibu la upande wangu nilikuwa nalo. La kwake sikuwa nalo, na swali hilo halijanitoka moyoni hadi leo.

Ndugu zetu wengi hudhani siku ya theluji ni sikukuu ya walimu: umelala, mshahara unaingia. Sivyo. Sheria ya Kentucky inataka mwaka wa shule usiopungua siku 185, na ndani yake wanafunzi wahudhurie siku zisizopungua 170 na wafundishwe saa 1,062. Mkataba wangu nao ni wa siku hizo 185. Mshahara wa mwaka mzima unahesabiwa kwa siku, kwa hiyo siku niliyobaki nyumbani Januari nadaiwa. Italipwa mwishoni mwa mwaka wa shule. Ndiyo maana kila majira ya baridi tunaitazama kalenda kwa wasiwasi, hasa sisi wenye wazazi mbali. Umeshakata tiketi ya kwenda kumzika mzee au kumwoza mdogo wako, kisha siku ya kufunga shule inasogezwa mbele, tena inasogezwa.

Sisemi shule zisifungwe. Huku kwetu kuna barabara za milimani, nyembamba, zenye kona kali, ambazo lori la kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu huzifikia mwisho kabisa. Basi la njano lililojaa watoto likiteleza pale, hakuna wa kulishika. Barabara moja mbaya inatosha kufunga shule za wilaya nzima, hata kama mjini lami imekauka na jua linawaka. Uamuzi huo nauunga mkono bila kusita.

Kinachoniuma ni namna tunavyoihesabu siku yenyewe. Tangu 2011 Kentucky ina mpango unaoitwa NTI: wilaya iliyoidhinishwa inaweza kuhesabu hadi siku kumi kwa mwaka ambazo watoto wamesoma wakiwa nyumbani. Kwa mwalimu hiyo ni siku ya kazi kamili. Nakaa mezani na kompyuta, napigia familia simu moja baada ya nyingine. Nakumbuka mtoto mmoja aliyekuwa akinisomea hadithi kupitia simu ya mama yake huku wadogo zake wawili wakiigombania. Ilikuwa kazi, na ilistahili kuhesabiwa.

Lakini jiko limefungwa. Katika wilaya niliyokuwa nikifanya kazi wakati huo, mpishi alilipwa kwa saa alizosimama jikoni, na dereva kwa saa alizoendesha. Zamani, siku iliyofungwa ingefidiwa mwezi wa Juni: watoto wangerudi, chakula kingepikwa, mama yule angepata saa zake, ingawa kwa kuchelewa. Siku ya NTI hairudi. Kwa kuwa imeshahesabiwa kuwa ya masomo, haitafidiwa kamwe. Mpango uleule ulioniokolea Juni yangu ndio uliomnyang'anya jirani yangu ujira wa siku nzima. Na siku zinazosamehewa kwa sheria zina matokeo hayohayo. Majira yale, baada ya theluji ya Januari, Februari ilituletea mafuriko, hata ikabidi Bunge la jimbo lizipe wilaya nafuu ya kutofidia siku kadhaa. Wazazi walifurahi, nami nilifurahi. Kwa anayelipwa kwa saa, siku iliyosamehewa ni siku iliyofutwa.

Kuna wanaosema fedha hazipo. Fedha gani hizo? Bajeti ya shule huanza Julai, na mshahara wa mpishi kwa siku zote za kalenda umo ndani yake tangu hapo. Theluji haikuongeza gharama yake hata senti moja. Kumlipa ni kutekeleza kilichokwisha kupangwa.

Jimbo la Minnesota, wanakoijua baridi kuliko sisi, walilimaliza jambo hili kwa sheria mwaka 2023. Siku ya masomo ya nyumbani, wilaya inaendelea kuwalipa wafanyakazi wote wa shule mshahara kamili wa saa walizopangiwa, pamoja na marupurupu yao. Wote, si walimu peke yao. Anayeweza kufanyia kazi nyumbani afanye, asiyeweza apangiwe mahali pengine au akae tayari kuitwa.

Tena kazi yenyewe ipo. Watoto wengi wa mtaa wetu hula asubuhi na mchana shuleni. Theluji ikishuka wiki nzima, sufuria za nyumbani zinazidiwa. Utabiri wa dhoruba ile ulijulikana siku kadhaa kabla. Wapishi wangeitwa mapema, wakafunga mifuko ya mkate, matunda na maziwa, kila mtoto akaenda nayo nyumbani.

Mwisho wa mwezi ule jirani yangu alikuja na karatasi yake ya malipo nimsaidie kuisoma. Tulikaa jikoni kwake, akawa anafuatisha mistari kwa kidole huku mimi nikitafsiri. Alipofika kwenye jumla alinyamaza, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya kopo la chumvi pamoja na bili ya umeme.

Bodi ya shule tulipo sasa inapokea maoni ya wananchi kabla ya kupitisha kalenda mpya. Nimejiandikisha kusema. Nitawauliza swali lake, neno kwa neno, na yeye atakuwa amekaa safu ya mbele.