Dirisha la mamangu litanitoa roho

Yakhe mimi nimechoka. Nyumba yenyewe iko Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, ya urithi, babu kamwachia baba, baba katuachia sisi ndugu watano, lakini ikivuja ni yangu peke yangu, ikipata mpangaji wa chumba cha chini ndo nasikia simu mpaka za Dubai, eti "kaka hujambo, kodi je?"

Sasa kuna dirisha la ghorofani linalotazama njiani. La msaji, wazee wakisema mbao zake zilikuja na majahazi kutoka Bara Hindi. Lina zile luva, vibao vyembamba vya kuinua na kushusha kwa kijiti cha katikati. Zuri, sikatai, watalii wakipita lazima walipige picha, hakuna hata mmoja aliyewahi kuacha mia ya rangi. Kusi likianza, mvua yaja kwa ubavu, na chumvi ya bahari nayo haina adabu, bawaba za chuma zishakuwa biskuti. Ukilifungua asubuhi linalia mpaka mapaka ya mtaa mzima yanainuka yakidhani samaki amefika.

Mwaka huu nikasema basi, natia aluminiamu. Shemeji yangu wa Nyali anayo ya kusukuma, ayasukuma kwa kidole kimoja mbele za wageni mpaka ujione masikini. Nikaita kijana wa aluminiamu, kaja na futi yake na kalamu sikioni, kapima juu inchi 41, chini 43, kulia kurefu kuliko kushoto. Akaniangalia. "Bosi, hii nyumba imesimama sawasawa kweli?" Nikamwambia hii ni nyumba ya matumbawe na chokaa bwana, wewe ukifika umri wake hutasimama kabisa. Akasema hapana neno, tutapasua ukuta kidogo fremu ikae. Kugonga mara moja tu, ikateremka chokaa karai zima na jiwe lake juu. Akasema anarudi kesho. Kesho yake ndo hii twangojea mpaka leo.

Jirani akanisikia, akanitolea sheria: kwani umeomba ruhusa? Mji wa Kale ushatangazwa eneo la hifadhi tangu 1990, uso wa nyumba huubadilishi utakavyo. Haya. Mimi nimezaliwa 1979, nimelala chini ya dirisha hili miaka kumi na moja kabla ya hiyo hifadhi, mbona mimi hakuna anayenihifadhi?

Wakati wote huo mamangu amenyamaza tu, anachambua mchele. Alipomaliza ndo akasema: "Kioo? Unitie nyuma ya kioo kama mkate wa dukani?" Maanake hamjui, lile si dirisha, lile ni ofisi. Kwenye luva yeye awaona wote na hakuna amuonaye, upepo waingia na mvua yabaki nje. Akaongeza, "Na hilo la kusukuma, ukifungua huku umefunga kule. Walipia dirisha zima, wapata upepo nusu." Sikuwa na jawabu. Nilirudi tena kwa shemeji kuhakikisha. Ni kweli, nusu.

Basi nikamtafuta fundi mzee wa mbao. Kaja, kanywa kahawa tungu vikombe vitatu na kashata, ndo akatoa bisbisi akaanza kudunga dunga fremu. Kumbe imeoza shubiri moja tu, pale chini maji yanapotuama. Kwengine kote bisbisi haiingii, kama mfupa. Akafika ubawa wa kushoto, ule baba alioubadilisha kwa mbao rahisi ili aokoe pesa, akaudunga, bisbisi ikazama mpaka mpini. Mchwa! "Hapa ni rangi tupu," akasema, "ndani wenyewe washahama."

Wallahi kazi yake niliipenda, hapo sina utani. Alikata ile shubiri iliyooza, akapandikiza kipande cha msaji kutoka mlango mkuukuu, dume na jike, na vigingi vya mti, hata msumari mmoja hakutia. Rangi ilikuwa tabaka saba, ikatoka ya harusi ya dada, ikatoka ya msiba wa babu. Mimi nimeshika msasa niharakishe, akanifokea, rangi za zamani zina madini ya risasi, sumu hiyo, rowesha kwanza, ujifunge mdomo. Bawaba akataka za shaba, chuma hapa pwani kutu. Bei ya bawaba za shaba sisemi, mke wangu asoma haya.

Aliniambia siku tatu. Zikawa wiki tatu, toa Ijumaa, toa mazishi mawili, toa harusi ya Lamu. Muda wote huo pale ni tundu, nikatundika leso ya mke wangu, wala sikusoma maandishi. Siku ya tano jirani mmoja akaacha kuniamkia. Kuangalia leso: "Mtasema mchana usiku mtalala."

Likaisha. Kijani, lafunguka kimya, halilii tena, nikakaa pale na chai nikajiona liwali. Asubuhi ya pili naitwa kwa jina langu kamili. Mamangu amesimama dirishani, kijiti mkononi, luva hazisogei. Fundi kapaka rangi zikagandana zote!

"Jana usiku mtu ametolewa kitanda njiani na mkewe, mtaa mzima umeona, mie nimesikia kishindo tu."

Nikampigia fundi. Akasema kubandua luva ni kazi mbali, haikuwamo kwenye hesabu, na anataka bawaba zilizobaki nimuuzie yeye. Kukata simu, nageuka, mamangu keshapanda kiti.

"Nipe kisu cha mkate. Na ushushe sauti, wanaanza tena."