Gari la Mkopo Dubai Lipimwe kwa Siku ya Kuondoka

Watanzania na Wakenya wengi waliopata kazi Dubai, wawe wauguzi, mafundi, wahasibu au wasimamizi wa hoteli, hufika mahali wakajiuliza swali lilelile: je, ninunue gari? Kwa kawaida swali hili hujibiwa kwa kulinganisha mshahara wa mwezi na marejesho ya mwezi, na ikiwa kinachobaki kinatosha kodi ya pango, chakula na fedha za kutuma nyumbani, mtu husaini. Naona hesabu hiyo imeanzia mahali pasipofaa. Haki ya kuishi katika Umoja wa Falme za Kiarabu, kwa walio wengi kati yetu, imefungamanishwa na ajira. Ajira ikikoma viza hufutwa, na viza za mwenzi na watoto zinazotegemea ya kwako nazo hukosa mahali pa kusimama. Ndiyo maana nashikilia kwamba jambo lolote kubwa tunalofunga huku lipimwe kwanza kwa namna litakavyofunguliwa siku ya kuondoka, siku ambayo aghalabu hupangwa na mwajiri na si sisi.

Tuchukue mfano wa mtu anayepokea dirhamu 6,000 kwa mwezi, nusu yake ikiwa mshahara wa msingi na nusu posho za nyumba na usafiri, mgawanyo ambao ni wa kawaida sana katika mikataba ya huku. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2011 zinataka mnunuzi wa gari atoe kianzio kisichopungua asilimia 20 ya bei, alipe deni ndani ya miezi isiyozidi 60, na marejesho ya mikopo yake yote yasivuke nusu ya kipato chake cha mwezi. Gari la dirhamu 50,000 litamtaka atoe 10,000 mfukoni na kukopa 40,000, na hata kabla ya kuhesabu riba, deni hilo likigawanywa kwa miezi 60 ni takriban dirhamu 667 kila mwezi. Kwa macho ya benki huyu ni mteja mzuri, kwa kuwa sheria ingemruhusu kukatwa hadi 3,000.

Sasa tutazame upande wa pili wa daftari. Kiinua mgongo cha mfanyakazi wa sekta binafsi hukokotolewa kwa siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, na siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Mfanyakazi wetu mwenye msingi wa 3,000 hujiwekea dirhamu 2,100 tu kwa mwaka, yaani 4,200 akiachishwa baada ya miaka miwili, wakati ambapo deni lake la gari, bado bila riba, ni 24,000. Hapa ndipo penye hatari ambayo sijasikia ikisemwa vya kutosha: benki hukukopesha kwa kutazama mshahara wote, lakini kinga yako siku kazi inapokwisha hutazama mshahara wa msingi peke yake. Hata bima ya kupoteza ajira, ambayo imekuwa ya lazima tangu mwaka 2023, hulipa asilimia 60 ya mshahara wa msingi kwa muda usiozidi miezi mitatu, na humfaa tu aliyechangia angalau miezi 12 na ambaye hakujiuzulu wala kufukuzwa kwa kosa la nidhamu. Kwa mtu huyu ni dirhamu 1,800 kwa mwezi, ambazo zinapaswa kulisha familia, kulipa pango na bado kutuliza benki.

Yanayofuata baada ya kazi kukoma yanajulikana na kila aliyekaa Dubai muda wa kutosha. Mkataba wa mkopo huipa benki uwezo wa kuzuia fedha zilizo katika akaunti inayopokea mshahara, na malipo ya mwisho yakishaingia, benki nyingi huyashikilia mpaka ionekane deni litalipwa vipi. Gari lenyewe haliuziki kirahisi, kwa kuwa mulkiya, yaani kadi ya usajili, inaonyesha kwamba liko rehani, na mnunuzi hawezi kuhamishiwa umiliki kabla benki haijaachia. Faini zote za barabarani lazima zilipwe pia. Mwenye haraka ya kuondoka huuza kwa bei anayopewa, na asipofika kwenye kiasi cha deni hutafuta tofauti hiyo kwa ndugu na marafiki, kwa sababu anayeshindwa kulipa anaweza kuombewa mahakamani amri ya kuzuiwa kusafiri. Inaniuma kuona mtu aliyefanya kazi kwa uaminifu miaka mingi akirudi nyumbani akiwa na deni la kitu alichokwisha kukiacha nyuma.

Gharama za kuendesha nazo si ndogo, ingawa mafuta hapa huonekana nafuu kwa mtu aliyetoka kwetu. Leseni ya Tanzania au Kenya haibadilishwi kuwa ya huku, kwa hiyo mkazi hulazimika kupitia shule ya udereva na mitihani yake, na maelfu ya dirhamu huondoka kabla hajashika usukani wa gari lake. Benki hudai bima kubwa kwa kipindi chote cha mkopo. Tangu mwisho wa Januari 2025, geti la Salik, mfumo wa ushuru wa barabara wa Dubai, linatoza dirhamu 6 badala ya 4 katika saa za msongamano, yaani kati ya saa 12 na saa 4 asubuhi na kati ya saa 10 jioni na saa 2 usiku, kwa hiyo anayepita mageti mawili akienda kazini na mawili akirudi hutoa dirhamu 24 kila siku ya kazi. Ukilinganisha na pasi ya mwezi ya kanda zote katika Metro na mabasi, ambayo ni dirhamu 350, anayeishi Deira au Karama, mitaa inayofikiwa na Metro, na kufanya kazi kando ya Sheikh Zayed Road hana sababu ya kiuchumi ya kumiliki gari. Sababu anayokuwa nayo mara nyingi ni heshima, na hasa macho ya ndugu walio nyumbani ambao huamini kwamba asiyeendesha gari Dubai hajafanikiwa. Nawaheshimu ndugu hao, lakini hawatakuwapo benki siku ya kudaiwa.

Wapo ambao gari kwao ni lazima, na sitaki kuwaweka katika fungu moja na hao. Metro haifiki Sharjah, mji jirani wa Dubai, ambako wengi hupanga kwa sababu ya unafuu wa kodi, na mwenye watoto wa shule huko na kazi ya zamu Jebel Ali, upande wa pili wa Dubai, hawezi kutegemea basi. Huyu ningemshauri anunue gari lililotumika, la aina inayouzika haraka na yenye vipuri kila kona, na alinunue kwa fedha taslimu hata kama itambidi angoje na kuweka akiba kupitia mchezo wa kupeana. Gari binafsi lililozidi miaka mitatu hupelekwa kwenye ukaguzi kila usajili unapohuishwa, jambo linalomlazimisha kulitunza, na mulkiya isiyo na rehani humwezesha kuliuza upesi akipewa barua ya kuachishwa. Bei atakayopata inaweza isimfurahishe, lakini itakuwa yake yote.

Kipimo hikihiki kinaifaa nyumba, nami nitapita hapo kwa haraka. Mkataba wa pango Dubai huwa wa mwaka mzima, hulipwa kwa hundi za tarehe za mbele, na huambatana na amana ya asilimia 5 kwa nyumba isiyo na samani, ada ya dalali na dirhamu 2,000 za amana ya umeme na maji kwa fleti. Kabla ya kubishania bei, soma kifungu cha kuvunja mkataba. Mikataba mingi hudai fidia ya kodi ya miezi miwili, na ipo inayokaa kimya kabisa juu ya hilo, ambayo ndiyo mibaya zaidi. Punguzo linalotolewa kwa anayelipa mwaka mzima kwa hundi moja linamfaa mwenye ajira imara. Kwa aliye katika kipindi cha majaribio, hundi nne ni bora hata kama jumla yake ni kubwa.

Linabaki suala la kurudi, ambalo huwachanganya wengi wanaodhani gari walilotumia huku litapanda meli nao. Falme huendesha upande wa kulia, na magari yake yana usukani kushoto. Kwa Mkongomani wa Goma, Mrundi au Mnyarwanda hilo ni jambo jema, kwa kuwa nchi zao huendesha upande huohuo. Kwa sisi wa Tanzania na Kenya halitufai, na Kenya haisajili gari la usukani wa kushoto isipokuwa kwa makundi machache maalumu. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki humsamehe mkazi anayehamia nyumbani kwa kudumu ushuru wa gari moja alilolimiliki na kulitumia nje kwa miezi isiyopungua 12. Kenya imeongeza nafuu inayostahili kujulikana zaidi: mwananchi anayerejea, aliyekuwa na gari la usukani wa kushoto lililosajiliwa kwa jina lake kwa muda huo, anaweza kuliuza na kuingiza la usukani wa kulia lisilozidi thamani ya lile la kwanza, mradi atimize masharti ya Mamlaka ya Mapato na gari lisizidi umri wa miaka minane. Mkenya mwenye mpango huo atunze mulkiya na hati za mauzo.

Mtanzania anayenunua gari la Kijapani lenye usukani wa kulia katika eneo huru la Ras Al Khor na kulisafirisha hapohapo hapati msamaha huo, kwa sababu hakulitumia. Atalipa ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini, kisha asilimia 18 ya VAT juu ya jumla ya hayo yote. Gari lenye thamani ya dola 5,000 likifika Dar es Salaam, likiwa na injini kati ya cc 1,000 na 2,000, litadai kama dola 2,740 kwa hesabu hiyo, kabla ya tozo ndogo na kabla ya ushuru wa uchakavu unaowapata wenye magari ya kuanzia miaka minane. Tena thamani inayotumika ni ile iliyomo katika mfumo wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), si lazima iwe ile iliyoandikwa kwenye risiti yako. Fedha hizo ziwe tayari wakati mshahara bado unaingia, kwa maana gari linalosubiri kutolewa bandarini huanza kutozwa ada ya kuhifadhiwa mara tu siku za bure zinapokwisha.