Jamani punguzeni boldi kwenye magrupu

Naomba niseme kitu kuhusu hizi boldi (herufi nene) za WhatsApp maana naona tunakoelekea siko. Meseji ya kamati ya harusi inaingia, ndefu hiyo, imekolezwa mwanzo mpaka mwisho, herufi kubwa tupu, emoji za ving'ora vyekundu juu na chini, na humo ndani mtu anahitaji vitu viwili tu, kikao ni lini na mchango unatumwa namba gani. Unaanza kupekua mstari kwa mstari kama unachagua mchele. Kesho yake watu wanauliza "samahani kikao ni lini?" na katibu anakuja juu, "someni meseji, nimeshaandika". Ameandika kweli, ila tarehe imevaa sare moja na "Bwana Yesu asifiwe" na "ahsanteni kwa ushirikiano wenu", sa jicho litue wapi?

Mimi msimamo wangu ni kwamba meseji moja ikolezwe kitu kimoja, vikizidi sana viwili, na kiwe kile ambacho msomaji anatakiwa akifanyie kazi. Tarehe. Kiasi. Mahali. Salamu haikolezwi, jina la grupu halikolezwi (tupo ndani yake tayari, tunalijua), na "MUHIMU" ndo haikolezwi kabisa, koleza huo umuhimu wenyewe.

Nyota hizi (*) za kukolezea WhatsApp walizileta 2016, nyota moja mwanzo na moja mwisho unapata boldi, vistari vya chini _ unapata mlazo (herufi zilizolala), na kale kawimbi ~ kanapiga mstari katikati ya neno. Ila mchezo wenyewe ni wa zamani kuliko WhatsApp. Watu wa imeili na Usenet (majukwaa ya mijadala ya mtandaoni ya zamani) huko nyuma walikuwa wanaandika maandishi matupu yasiyo na boldi, wakawa wanazungushia neno nyota na msomaji anaelewa kwamba hapa mwenzangu amekaza sauti. Unaona, walizungushia neno, sio barua nzima! Baadaye, 2004, mwanablogu wa Marekani John Gruber akaja na Markdown, namna ya kupamba maandishi kwa alama za kawaida, ambayo inazigeuza zile nyota kuwa mkolezo kweli, ila kwake nyota moja moja ni mlazo na mbili mbili ndo boldi, wakati WhatsApp moja moja tayari ni boldi. Hapo ndo siri za watu zinapotoka nje siku hizi. Mtu anaandikiwa tangazo na ChatGPT, anakopi anapesti kwenye grupu la wazazi, nyota zimetapakaa kila kona na alama za reli ## zimekaa mbele ya vichwa vya habari, alafu chini anasaini jina lake. Kusaidiwa kuandika sina neno nako, ila ndugu yangu futa basi hizo nyota kabla hujatuma.

Kingine kinachosumbua ni nafasi. Nyota lazima iguse neno. Ukiacha nafasi boldi haiji, na tangu 2024 walipoongeza mambo ya orodha, ukiweka nyota mwanzo wa mstari ukaacha nafasi unapata kitone cha orodha, ndo maana mzee anataka kukoleza "Kikao" anashangaa limetokea doti jeusi na nyota nyingine inaning'inia mwisho. Vitone vyenyewe ni vizuri kwa ajenda, hilo nawapa. Kwa michango bado tunaendelea na utaratibu wetu wa kopi, ongeza jina lako, pesti tena, na wawili wakipesti kwa pamoja mmoja anapotea kwenye orodha na ugomvi unaanza, boldi haisaidii chochote hapo.

Sasa kitu ambacho watu wanakidharau na mimi nakiona ndo bora kuliko vyote ni mkato, yaani ule mstari wa kawimbi ~ unaopita katikati ya maneno. Wauza nguo wa status ndo wameshaelewa, ~45,000~ alafu pembeni 30,000, huhitaji maelezo, umeshaona bei imeshuka na moyo umeshapata joto. Ila kwenye matangazo hakuna anayeutumia. Kikao kimehamishwa, katibu anafuta meseji ya kwanza anaandika nyingine, aliyesoma asubuhi hajui kama kimehama na anaenda siku ya zamani. Au anaediti, ambapo WhatsApp wanakupa dakika 15 tu tangu ulipotuma. Mngeandika ~Jumamosi saa 10 jioni~ kisha *Jumapili saa 8 mchana*, kila mtu anaona kilichobadilika na kimebadilika kuwa nini, mstari mmoja, kwisha.

Na kuna zile herufi za mapambo, sijui mnazitoa kwenye programu gani, za kuvimba na za mikunjo kama hati ya ndoa. Zile sio boldi. Ni alama za hesabu zilizomo kwenye Unicode (orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta na simu) kwa ajili ya wanahisabati, zinafanana tu na herufi zetu. Matokeo yake mtu asiyeona anayetumia simu inayomsomea anasikia inataja alama moja moja, au inaruka tu haisemi kitu, na kwenye simu nyingine za zamani zinatokea viboksi. Hata ukija kutafuta hilo neno kwenye chati mara nyingi halipatikani. Biashara imeandika jina lake kwa alama za hesabu alafu inalalamika wateja hawaipati, aisee.

Ila linaloniudhi kuliko yote ni boldi kwenye uzushi. Angalieni zile meseji za "sambaza kwa wengine 10", za dawa ya majani inayotibu kila kitu, za ajira ambazo unalipia fomu kwanza. Zinakuja zimepangwa vizuri kuliko matangazo ya serikali, kichwa kimekolezwa, aya fupi fupi, jina la daktari limelazwa pembeni. Watu wazima wanaamini kwa sababu inaonekana rasmi. WhatsApp walibana kusambaza mpaka chati 5 kwa mara moja mwaka 2019, 2020 wakashusha mpaka moja kwa zile zilizozunguka sana, na zinakuwa na vile vimishale viwili juu, lakini jicho la mama linaenda kwenye TAHADHARI iliyokolezwa, vimishale vyenyewe vya kijivu vidogo nani atavitazama. Mimi nyumbani nimeshawaambia, meseji ikiwa na boldi nyingi anza kuitilia shaka kabla hujaanza kuisoma.

Tukirudi kwa makatibu wetu, namba ya kulipia msiikoleze tu, iacheni kwenye meseji yake peke yake, haina neno lingine, maana kwenye WhatsApp mtu akikopi mara nyingi inakuja meseji nzima na nyota zake, anabaki anafuta maneno huku menyu ya kulipa imeshajifunga. Telegram hili walishalimaliza zamani, ukiandika namba kwa ule mtindo wa herufi za kompyuta mtu anaigusa tu imeshakopika. WhatsApp wanaiga kila kitu cha wenzao, hiki wanasubiri nini?