Winga wa Kariakoo na duka la Mchina

Mdogo wangu ni winga Kariakoo. Tangu asubuhi yuko Mtaa wa Kongo anavuta wateja, anawapeleka dukani, anaweka cha juu chake. Fremu hana. Miaka miwili mabegi aliyouza yalitoka kwa Mchina mmoja aliyekuwa akimwachia mzigo kwa mali kauli, yaani auze kwanza alipe baadaye, jambo ambalo wenye maduka wengi wa kwetu walimkatalia.

Julai 2025 serikali ilipiga marufuku wageni kufanya biashara 15, zikiwemo za jumla na rejareja, ufundi simu, uwakala wa pesa za simu na kuongoza watalii. Mtaani watu walishangilia. Mimi nilishangilia nusu.

Tunaihesabu ajira kama sinia la pilau: mgeni akimega tonge, mwenyeji kapunjwa. Lakini kontena la mgeni linalisha wabeba mizigo, wenye maguta, bodaboda, mama lishe na mawinga kama huyu wetu. Mwaka 1980 Wakyuba wapatao 125,000 waliingia Miami, Marekani, ndani ya miezi michache. Mchumi David Card alipochunguza, hakuona kwamba ujio wao uliwanyima wenyeji kazi. Mwenzake George Borjas akaja kuirudia hesabu ile, akasema wasiomaliza sekondari walishuka mishahara vibaya. Wanabishana mpaka leo. Mimi namsikiliza zaidi Borjas, si kwa sababu nina uhakika yuko sahihi, bali kwa sababu hao anaowasema ndio waliojaa Kariakoo. Mgeni anayeuza soksi mojamoja anambana machinga, hilo sibishi. Anayeuza kwa jumla ni habari nyingine.

Wakenya walilalamika kwamba marufuku yetu inavunja Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010. Tuliwacheka. Tukasahau kwamba Mbagala kuna nyumba zimepauliwa kwa pesa ya mabinti wanaofanya kazi za ndani Oman, na kwamba huko wageni ni sisi.

Yule Mchina alifunga. Fremu ikachukuliwa na Mtanzania mwenzetu, kaja na vijana wake, na mali kauli hataki kuisikia. Kumbe kilichomzuia mdogo wangu kufungua duka hakikuwa Mchina. Ni kilemba, ile pesa ya kuachiwa fremu, na kodi ya miezi sita kwa mpigo, na bado vyote viko palepale. Juzi kaniomba nimsindikize kufuatilia pasipoti.