Wageni wa moteli, mnadhani stori ni yenu

Saa nane usiku jamaa mmoja alikuja mapokezi kavaa soksi na taulo, basi, hamna kingine, anataka funguo ya akiba kwa sababu mke wake kamfungia nje. Nilikuwa zamu ya usiku. Kabla sijavuta droo simu ya mezani ikalia, mke mwenyewe, anaongea taratibu kabisa, eti huyo anayekuja hapo asipewe funguo. Nikafungua daftari la wageni, chumba kimeandikwa jina la mke. Sheria ya kazi inajulikana, funguo anapewa mwenye jina. Nikamwambia, kaka samahani, siwezi, akanitazama kama mimi ndo niliyemuozesha.

Akakaa kwenye kiti cha mapokezi mpaka kunakucha. Nilimpa blanketi, yeye akanipa maisha yake yote kuanzia darasa la tatu. Mtu yeyote nikimsimulia hii anacheka halafu anauliza, je mke alifungua? Alifungua, saa kumi na moja na nusu, na wakaondoka wameshikana mikono kama hakuna kilichotokea, mambo ya ndoa usiniulize mimi. Ila hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kuhusu ukuta. Nyuma ya kile kiti kulikuwa na ukuta wa mbao, na upande wa pili wa ukuta kuna kitanda cha binti wa mwenye moteli, na binti asubuhi ile alikuwa na mtihani wa hesabu. Alisikia kila kitu kuanzia darasa la tatu mpaka kunakucha. Matokeo ya ule mtihani hakuwahi kumwonyesha mtu.

Nilifanya ile kazi mwaka mmoja na ushee, na toka siku hiyo nina ugomvi wangu binafsi na wageni wa moteli, mimi mwenyewe nikiwemo nikisafiri. Mgeni anaingia anadhani yeye ndo mhusika mkuu. Kagombana na mkewe, kamtoroka bosi wake, anampeleka mama yake hospitali, analia chumba namba nne, basi anaona usiku ule dunia yote inamtazama yeye. Kesho yake kaondoka. Stori inabaki na waliobaki, na hao hakuna anayewasimulia.

Na hili limejengwa hivyo tangu mwanzo. Watu wanadhani moteli ni hoteli iliyopungukiwa hela, hapana, ni wazo tofauti kabisa. Neno lenyewe lilitokea mwaka 1925 huko San Luis Obispo, California, msanifu majengo Arthur Heineman alijenga nyumba ya kulala wenye magari katikati ya safari ya Los Angeles na San Francisco, na jina lilikuwa refu halienei kwenye bango, ndo akabana "motor" na "hotel" likawa neno moja. Ujanja wake uko kwenye mlango. Hotelini unapita mapokezi, unapita lifti, unapita korido, watu kumi wamekuona na umekuja na nani. Moteli mlango wa chumba unatazama gari lako, unafungua unaingia, hamna aliyekuona. Hiyo ndo bidhaa inayouzwa pale, kitanda ni nyongeza tu. Ndo maana J. Edgar Hoover, mkuu wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, mwaka 1940 aliandika kwenye jarida makala kali kusema hizi kambi za wasafiri ni maficho ya wahalifu, na nadhani kilichomkera zaidi ni ule mlango usio na mtu wa kuuchungulia.

Sasa faragha haianguki kutoka mbinguni, mmoja akipata yake ujue kuna mwingine katoa ya kwake. Pale kwetu aliyetoa ni familia ya mwenye moteli. Mzee, mama na watoto watatu walikuwa wanaishi vyumba viwili nyuma ya mapokezi, na kwenye meza ya mapokezi kuna kengele, ile ya kugonga kwa kiganja. Mwaka mzima sikuwahi kuwaona wote watano wamekaa mezani wakala mpaka wakamaliza. Kuna mmoja siku zote kakaa upande upande, mguu mmoja nje ya kiti, anasubiri ting. Watoto walijua kukunja taulo kabla hawajajua kufunga kamba za viatu. Safari ya familia nzima hawakuwahi kuifanya, na hili lilikuwa linanichekesha na kunisikitisha kwa pamoja, watu wanaolaza wasafiri hawajawahi kusafiri pamoja.

Halafu ugomvi. Mume na mke ni lazima wagombane, sasa hawa wagombanie wapi? Mapokezi kuna wageni, chumbani kuna watoto, jikoni ukuta ni ule ule wa mbao. Walichokuwa wanafanya, na ilinichukua miezi kuling'amua, ni kuchukua funguo ya chumba kilicho wazi, mara nyingi namba tisa kule mwisho, wanaingia wanafunga mlango wanagombana dakika ishirini, wanatoka mmoja mmoja, na mama kabla hajatoka anabadilisha shuka kwa sababu wamekalia kitanda. Kwenye daftari hawaandiki kitu. Msimu wa wageni wengi moteli ikijaa hawana pa kugombania, basi wananuniana wiki tatu, na sisi wafanyakazi tunapewa maagizo kupitia watoto. Ilifika mahali nikiona bango la VYUMBA VIMEJAA limewaka nje naanza kuogopa.

Wahudumu wa vyumba nao ni habari nyingine. Dada aliyekuwa anafanya usafi upande wetu alikuwa anajua mambo ambayo hata mke wa mtu hajui, na hakuwa mmbea, ni kazi tu ndo inamwonyesha. Familia imekuja ina vicheko paking'i nzima inasikia, asubuhi anakuta baba kalala bafuni, blanketi liko kwenye sinki. Kijana kachukua vitanda viwili, vyote vimetandikwa vizuri hakuna aliyelalia, kiti kimegeuzwa kinatazama ukuta. Anatandika upya, anatoka, anasema chumba sita tayari. Basi. Nilimuuliza siku moja haya mambo unayapeleka wapi, akasema "nayaacha kwenye maji ya deki".

Kuna kanuni moja tulipewa siku ya kwanza, mgeni akisahau kitu usipige simu nyumbani kwake, weka kwenye boksi, akikikumbuka atatafuta mwenyewe. Kijana mmoja mpya kazini, moyo mwema, akakuta meno ya bandia kwenye glasi, yale ya mbele mawili na waya wake, akaona masikini huyu mzee atakula vipi, akapiga namba iliyoandikwa kwenye daftari. Akapokea mke. Kijana akajieleza vizuri, mama habari, mumeo kasahau meno yake huku. Kimya. Halafu mke akasema, mume wangu ana meno yake yote. Sote pale mapokezi tukaganda, tukajua hapa tumeua ndoa, mwanaume alikuwa na mwanamke mwingine, kumekucha. Kumbe wala! Jamaa alikuwa peke yake, na safari yake mke alikuwa anaijua vizuri tu, siri yenyewe ilikuwa meno. Miaka sita ya ndoa hajawahi kumwambia. Alirudi kuyachukua kesho yake kaziba mdomo na kiganja, akasaini, akatuambia kitu kimoja tu: "Mngeniacha hata na siri moja." Kijana aliyepiga simu alilia. Mpaka leo sijui nimlaumu nani, na nikiwa mkweli yule kijana ndo alibaki na donda kuliko mwenye meno.

Kuhusu daftari la wageni ngoja niseme kidogo maana watu wanalichukulia kama karatasi tu. Los Angeles kulikuwa na sheria ya jiji kwamba polisi wakija muda wowote mwenye moteli anafungua daftari waone, hamna kibali cha hakimu, akikataa ni kosa la jinai. Wenye moteli, familia ya akina Patel, wakaenda mahakamani, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani na mwaka 2015 wakashinda kwa majaji watano dhidi ya wanne. Niliposoma jina nikatabasamu, kwa sababu hesabu inayosemwa sana ni kwamba kama nusu ya moteli za Marekani zinamilikiwa na watu wenye asili ya India, wengi ni Wagujarati, na Patel ni jina la kwao, na baadhi yao ni wale waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972. Fikiria mtu kanyang'anywa nyumba na duka, kaenda upande wa pili wa dunia, kanunua nyumba ya kulaza watu wengine na yeye kalala nyuma ya kaunta. Mtu kama huyo ukimwambia fungua daftari atakuuliza kwa nini, na mimi namwelewa.

Ila kuna wageni ambao maneno yangu yote hapo juu hayawahusu, wale wanaolipa kwa wiki. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, sasa moteli haina jembe, ina bili. Tulikuwa na mama na watoto wawili chumba namba mbili, walikosa nyumba ya kupanga, miezi minne, watoto wanafanyia homuweki juu ya kibaraza cha paking'i maana ndani hamna meza. Huyo si mgeni tena na si mpangaji, ni kitu hapo katikati. Marekani sheria ya McKinney-Vento ya mwaka 1987 inawatambua watoto wanaoishi moteli kwa kukosa makazi kuwa hawana makao, ili wasinyimwe shule, na hilo ni jema. Lakini California mtu akikaa siku 30 anaanza kuhesabika mpangaji mwenye haki, kwa hiyo kuna wenye moteli walikuwa wanawatoa watu siku ya 28, wanalala kwingine kidogo halafu wanarudishwa kama wageni wapya, ijapokuwa sheria inakataza. Watoto wanabeba mifuko, wanatoka, wanaingia tena. Hapo nipo upande wa mgeni moja kwa moja na mwenye moteli anayefanya hivyo sina maneno mazuri naye. Mzee wetu hakufanya hivyo, ila na yeye si malaika, alikuwa anawakatia maji ya moto bili ikichelewa, nilimwambia akanuna.

Halafu kuna moteli ya Lorraine. Memphis, Tennessee, tarehe 4 Aprili 1968, Martin Luther King Jr., mpigania haki za Weusi wa Marekani, kapigwa risasi akiwa kwenye baraza la ghorofa ya pili, nje ya chumba namba 306. Kila mtu ameiona ile picha, watu wananyoosha vidole kule risasi ilikotokea. Lile lilikuwa ni moteli la familia, la Walter Bailey na mke wake Loree, na jina Lorraine kwa sehemu lilitokana na jina lake huyo mama. Loree alipatwa na kiharusi siku ile ile ya mauaji, na akafariki tarehe 9 Aprili, siku anayozikwa King. Siku moja hiyo hiyo. Mume akabaki na moteli, chumba 306 hakukipangisha tena, akakihifadhi kama kumbukumbu, huku biashara ikididimia miaka na miaka mpaka mwaka 1982 likauzwa kwa mnada. Yeye alifariki 1988, na jumba la makumbusho lililopo pale leo likafunguliwa 1991. Nimeshawauliza watu wengi, tena wasomi, kama wamewahi kusikia jina la Loree Bailey. Mgeni wao alikuwa mtu mkubwa mno, sawa, sibishani, ila bango lilikuwa na jina lake na yeye.

Sasa mwaka juzi nilipita ile njia nikaamua kulala pale kwetu, kama mgeni kabisa, nalipa. Mzee kazeeka, mama kanenepa, yule binti wa hesabu yuko chuo kikuu anasomea uhasibu sijui, watoto wengine wametawanyika. Moteli ilikuwa imejaa pomoni, kulikuwa na harusi karibu, wakaniambia una bahati kimebaki kimoja, wakanipa namba tisa. Nikacheka moyoni, sikusema kitu.

Saa nne usiku mlango ukagongwa. Nafungua, mama na mzee wamesimama, kila mmoja anatazama upande wake, mzee ana funguo mkononi kajisahau. Mama akasema, "Mwanangu samahani, tumesahau kama umo." Nikawaangalia. Nikavaa viatu, nikawaambia ingieni tu, nikaenda zangu kukaa mapokezi kwenye kile kile kiti, ukuta ule ule wa mbao.

Haikupita dakika tano, ting. Dereva wa lori, macho mekundu, anataka chumba. Nikamwambia vimejaa kaka, jaribu mbele huko. Akauliza na wewe ni nani hapa, nikamwambia mgeni. Baada ya dakika ishirini mzee akapita kwenda kulala bila kunitazama, nyuma yake mama, kabeba shuka zangu za zamani kakunja mkononi, akaniambia nimeshakutandikia nyingine.