Usinunue boksi, nunua mashine

Majibu ya KUCCPS, wale wanaowapangia wanafunzi vyuo, yakishatoka, swali linalozunguka majumbani huku kwetu Mombasa baada ya karo na hosteli ni laptopu, na mimi kwa vile nashughulika na hizi kompyuta basi simu hazikatiki, mara ami, mara khalati, mara jirani wa mtaa wa pili, wote wanauliza neno moja, mtoto anaingia chuo, tumnunulie gani na pesa ndio hizi? Na hizi zenyewe aghlabu ni elfu thelathini, pengine na tano juu kama zamu ya mama kwenye chama imeangukia mwezi mzuri. Wako wanaoweka dhahabu rehani kwa ajili ya hii laptopu. Kwa hivyo silichukulii jambo hili mchezo hata kidogo, na jibu langu ni lile lile kila mwaka: kwa pesa hio usinunue laptopu mpya. Nunua iliyotumika, iliyotengenezwa kwa kazi za ofisi, yenye RAM (kumbukumbu ya kazi zilizofunguliwa) ya 8GB, SSD (storeji ya kasi isiyo na sahani ya kuzunguka), na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya Intel jenerasheni, yaani toleo, ya nane kwenda juu.

Wazazi wengi hawapendi kuambiwa hivyo na nawaelewa. Mtu anataka mwanawe aende chuo na kitu kipya, boksi halijafunguliwa, nailoni bado iko kwenye kioo, asije akaonekana mnyonge mbele ya wenzake. Lakini hebu tuangalie ndani ya hilo boksi mna nini. Laptopu mpya za bei hio nyingi zinakuja na prosesa ya Celeron, mfano ile N4020 yenye kori (vichwa vya kufanyia kazi) mbili tu, RAM 4GB, na storeji ya 64GB au 128GB ya aina inayoitwa eMMC, ambayo ndio ile ile wanayoweka kwenye simu za bei ya chini. Sasa Microsoft wenyewe wakitaja Windows 11 inataka nini kwa uchache kabisa wanasema RAM 4GB na storeji 64GB. Yaani mwanao anaanza chuo na mashine iliyo kwenye kiwango cha mwisho kinachokubalika, siku ya kwanza, na digrii ni miaka minne. Windows ikikaa na masasisho yake nafasi inayobaki ni ndogo, halafu afungue Word, afungue kurasa kumi za utafiti kwenye Chrome, na Google Meet manake mwalimu ameamua darasa la leo ni la mtandaoni, hapo mashine inaganda na yeye yuko katikati ya presentesheni. Na hio RAM kwa nyingi yao imechomelewa kwenye bodi moja kwa moja, eMMC pia, kwa hivyo hata akipata pesa mwaka wa pili hana cha kuongeza.

Hizi za ofisi ni habari nyingine. Kampuni kubwa za Uingereza na Marekani hununua au kukodi laptopu kwa wingi, zikifika miaka mitatu minne zinaondolewa zote hata kama nzima, zinauzwa kwa jumla, na ndio hizo tunazoziona madukani mjini zinaitwa ex-UK. HP EliteBook 840, Dell Latitude 7490, Lenovo ThinkPad T480, hizi zilipokuwa mpya ziliuzwa bei ya mara kadhaa ya hio elfu thelathini yako na zilijengwa za kubebwa kila siku. Kibodi zao nyingi zinastahimili chai kumwagika kidogo (si ruhusa ya kumwaga). Ukifungua skrubu za chini unakuta RAM unaweza kuongeza, SSD unaweza kubadilisha, betri unaweza kubadilisha, na vipuri mafundi wanavyo. T480 hasa mimi naipenda mno, manake ina betri mbili, moja ndani na moja unaichomoa kwa nyuma, unaweza kuibadilisha mashine ikiwa inawaka na hupotezi kazi yako.

Sasa hapa kwenye jenerasheni ndipo watu wanapoibiwa, nisomeni vizuri. Windows 10 ilifikia mwisho wake, yaani Microsoft waliacha kuipa masasisho ya kawaida, tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali rasmi kuanzia jenerasheni ya nane. Ndio maana sahii unaona EliteBook 840 G3 zinauzwa rahisi, hio G3 ni jenerasheni ya sita, G4 ni ya saba, G5 nyingi ndio za nane. Muuzaji atakwambia "lakini hii ina Windows 11, si unaiona?" na kweli utaiona, manake kuna njia ya kuilazimisha iingie kwenye mashine isiyokubalika, ila Microsoft hawaahidi kuipa masasisho mashine kama hio, kwa hivyo siku ikigoma hapo umekwama na muuzaji hayupo. Usisome stika iliyobandikwa. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc, nenda pale penye Performance, usome jina la prosesa kwa macho yako. i5-6300U ni ya sita, i5-7200U ni ya saba, i5-8250U ni ya nane, i5-10210U ni ya kumi. Tena kutoka ya saba kwenda ya nane si tofauti ya namba tu, zile i5 zenye herufi U mwishoni zilikuwa na kori mbili mpaka ya saba, ya nane ndio zikawa nne. Mtu akikwambia "i5 ni i5" achana naye.

Na kama mfuko hauruhusu, ni elfu ishirini na hakuna zaidi? Chukua hio ya jenerasheni ya sita ukijua unachukua nini, itiliwe Linux Mint, mfumo unaokaa mahali pa Windows, ni bure, inapata masasisho, na LibreOffice, programu ya kutumia badala ya Word, inaandika asaimenti yoyote ile. Mwanafunzi wa ualimu, sheria, biashara, hatokwama. Ila wa injinia asiifuate njia hii manake AutoCAD, programu yao ya kuchora, haikai kwenye Linux, na yeye kusema kweli atafute RAM 16GB, hata kama ni kununua yenye 8 sahii na kuongeza kipande kingine mwaka wa pili kazi za kuchora zikianza. Wale wa TUM (Technical University of Mombasa) pale Tudor wanaochukua injinia nawaambia hivyo kila mara.

Storeji nayo, nitalisema haraka: 500GB si lazima iwe bora kuliko 256GB. Ikiwa 500 ni hadi diski (hard disk) ya kuzunguka na 256 ni SSD, chukua SSD bila kufikiria mara mbili. Hadi diski inawaka polepole na haipendi kurushwa rushwa kwenye matatu ya Kisauni ikiwa imewashwa ndani ya begi.

Dukani usione haya. Nenda na kijana anayejua, kaa hapo, pesa usitume mpaka umalize. Mimi naanza na betri. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, itakutengenezea ripoti, humo utaona Design Capacity na Full Charge Capacity. Ya kwanza ni betri ilivyotoka kiwandani, ya pili ni inavyoshika sasa. Ikiwa kiwandani ilikuwa 50,000 na sasa inashika 20,000 basi imebaki asilimia 40, na hio ni pesa ya kupunguziwa bei au abadilishe betri hapo hapo. Kisha izime, uiwashe ukibonyeza F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad, uingie kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine yenyewe kabla Windows haijawaka. Ikikudai paswedi, rudisha. Hio mashine ni ya mtu mwingine bado, na paswedi ya BIOS ya hizi laptopu za ofisi haitoki kirahisi. Mwambie pia muuzaji aiweke Windows upya mbele yako ikiwa kwenye intaneti ya simu yako, uangalie kama haitaji jina la kampuni fulani ya ng'ambo, manake wapo wanaouziwa mashine ambayo siku wakiweka Windows upya inawauliza imeili ya mfanyakazi wa kampuni wasiyoijua. Baada ya hapo ndio uandike kila herufi ya kibodi, uchomeke flashi kila porti, kamera, spika, waifai, ufungue na kufunga kioo mara kadhaa usikie kama bawaba zinalia. Muuzaji mwema atakungojea. Anayekuharakisha, maduka ni mengi mjini.

Halafu kuna mambo ya kwetu ambayo wanaoshauri kutoka Nairobi hawayagusi. Joto na unyevu. Chumba cha mabati Kisauni mwezi wa Februari, laptopu imewekwa juu ya godoro, matundu ya hewa yamezibwa, hapo hata prosesa nzuri inajipunguza nguvu yenyewe isiungue. Iweke mezani, na kila mwaka fundi aifungue apulize vumbi na kuweka pesti mpya ya kupozea prosesa. Wanaokaa karibu na maji, upepo wa bahari una chumvi na chumvi inakula porti na skrubu, kwa hivyo ukimaliza kazi ifunge, irudi kwenye begi ikiwa imezimwa na imepoa, usiiache dirishani. Na stima ikipotea chomoa chaja ukutani usingoje irudi, manake inavyorudi ndivyo inavyounguza vitu.

Kuhusu kulipa mdogo mdogo, sikatazi, wengine hawana njia nyingine. Ila piga hesabu ya jumla mpaka shilingi ya mwisho kabla hujatia saini, unaweza kukuta ile Celeron ya kulipa kila siku imekufikia bei ya T480 mbili. Na tafadhali usikope kwenye zile programu za mikopo ya simu kwa ajili ya laptopu. Muhula wa kwanza kazi nyingi zaweza kufanyika maktaba na kwenye kompyuta za chuo, na mtoto akingoja miezi mitatu akapata mashine ya maana ni afadhali kuliko kuanza na deni.

Jambo jingine, usikubali uwekewe Office iliyovunjwa leseni. Naliona sana na linaniumiza, manake vile vitu vya kuvunjia leseni mara nyingi ndivyo vinavyoingiza virusi, mwisho prujekti ya mwaka wa nne inapotea. Microsoft wanatoa Office ya mtandaoni bure kwa wanafunzi ambao imeili za vyuo vyao zinakubaliwa, Autodesk wanatoa AutoCAD bure kwa wanafunzi, na wakati wa utafiti ukifika badala ya SPSS (programu ya takwimu) ya kuiba kuna PSPP na jamovi, zote bure.

Ukishalipa na ikabaki elfu tatu nne, usikimbilie begi la fasheni wala mausi ya mataa. Nunua hadi diski ya nje au hata flashi nzuri ya 64GB, umfundishe mtoto kunakili kazi zake kila Ijumaa na hio diski ikae nyumbani, isitembee na laptopu kwenye begi moja. Risiti iwe imeandikwa siriali namba ya mashine na muda wa waranti, na ipige picha uiweke kwenye simu yako wewe mzazi.