Pengo la Vifo vya Saratani Marekani: Ni Biolojia au Ni Mfumo?

Mwanamke Mweusi wa Marekani hupata saratani ya matiti kwa kiwango kilicho chini kidogo ya Mzungu, lakini kiwango cha vifo vyake kiko juu kwa takriban asilimia 40. Kwa saratani ya tezi dume, wanaume Weusi hufa takriban mara mbili zaidi. Takwimu hizi hazina ubishi. Ubishi uko kwenye chanzo.

Wanaosisitiza biolojia wana hoja nzito. Saratani ya matiti isiyo na vipokezi (sehemu za seli zinazopokea ishara za kukua) vya homoni za estrojeni na projesteroni wala vya protini ya HER2, ambayo dawa za homoni haziiwezi, huwapata wanawake Weusi karibu mara mbili zaidi. Kulipuuza hilo ni kuwadhuru wagonjwa. Hata hivyo, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 vifo vya saratani ya matiti kwa jumla vilikaribiana kati ya Weusi na Wazungu. Pengo lilipanuka wakati mamografia (picha ya eksirei ya matiti) na tamoksifeni (dawa ya homoni) zilipoenea. Mtu atajibu kwamba tamoksifeni huwafaa wenye vipokezi vya homoni, ambao ni wengi zaidi miongoni mwa Wazungu. Sawa, lakini hata ndani ya kundi hilo, lenye uvimbe unaotibika vizuri, wanawake Weusi bado wanakufa zaidi.

Je, ni umaskini tu? Umaskini unaua bila kuchagua rangi: vifo vya saratani ya mapafu viko juu sana mashariki mwa jimbo la Kentucky, ambako wakazi wengi ni Wazungu maskini. Lakini utafiti wa mwaka 1999 uliwatazama wazee wenye saratani ya mapafu ya hatua za awali, wote wakiwa na Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee. Wazungu asilimia 76.7 walifanyiwa upasuaji, Weusi asilimia 64. Waliopasuliwa waliishi muda unaokaribiana bila kujali rangi. Kadi ya bima peke yake, basi, haitoshi kumfikisha mgonjwa chumba cha upasuaji. Upande wa pili, katika hospitali za maveterani (wanajeshi wa zamani), ambako milango ya huduma iko wazi zaidi kwa wote, vifo vya saratani ya tezi dume ndani ya miaka 10 vilikuwa asilimia 4.4 kwa Weusi na 5.1 kwa Wazungu.

Mfano mmoja unaonyesha jinsi biolojia na mfumo vinavyofungamana. Watu wengi wenye asili ya Afrika Magharibi hawana alama ya Duffy, protini iliyo juu ya chembe nyekundu za damu, na kwa kawaida damu yao huwa na neutrofili (chembe nyeupe zinazopambana na maambukizi) chache, bila kuongeza hatari ya maambukizi. Dozi ya tibakemikali huahirishwa mara nyingi neutrofili zikishuka chini ya 1,500 kwa mikrolita, kipimo kilichowekwa bila kuwafikiria. Mgonjwa mwenye afya yake ya kawaida anarudishwa nyumbani, dozi inachelewa au inapunguzwa, na nguvu ya tiba inapotea. Kwa majaribio ya dawa ni vilevile: anakataliwa kwa kipimo hicho.

Ndiyo maana naona sehemu kubwa ya pengo hili inazibika. Jimbo la Delaware liligharimia uchunguzi wa saratani ya utumbo mpana na matibabu ya wasio na bima. Kati ya 2002 na 2009 uchunguzi ulipanda hadi asilimia 74 kwa rangi zote mbili, na tofauti ya vifo ikakaribia kuisha. Huko North Carolina na Pittsburgh, mradi wa ACCURE uliweka mfumo wa kompyuta unaopiga kengele mgonjwa asipofika miadi au hatua ya tiba inapochelewa. Muuguzi maalumu anampigia simu, anatafuta kikwazo, iwe usafiri, kibarua au woga, na madaktari wanaonyeshwa takwimu zao kwa rangi. Waliomaliza tiba walipanda kutoka asilimia 79.8 hadi 88.4 kwa Weusi. Wazungu nao wakatoka 87.3 hadi 89.5.

Kinachoharibu miradi hii ni ukosefu wa fedha. Kengele bila muuguzi wa kuifuatilia haimsaidii mtu. Medicare ilianza kulipia kazi ya kuwaongoza wagonjwa Januari 2024; kabla ya hapo hospitali nyingi zilitegemea ruzuku, na ruzuku ikiisha, nafasi ya muuguzi nayo inakuwa hatarini.